Somo la 7: Sheria Inayomlinda Mnyonge

Sabato Alasiri

Soma kwa ajili ya juma hili: Kum. 22:8, Kut. 21:28–36, Hes. 27:1–11; Hes. 36:1–9, Yos. 17:3–6, Law. 25:25, Isa. 10:1, 2, Esta 3 na 8, Rum. 13:1–7; Mdo. 25:6–12, 1 Kor. 6:1–8.

Fungu la kukariri: Mithali 31:8, 9. Lifunge moyoni kutoka katika Biblia yako.

Mwezi Agosti 1988, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, mwanamke mmoja mzee aliuza shamba. Alikuwa amelirithi kwa baba yake kwa njia ya wosia. Umri ulikuwa umekwenda, hana wa kumtunza, na mnunuzi alimpa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba mauzo hayo ni batili, kwa kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, na mama yule akaamriwa kuzirudisha fedha. Kesi haikuishia hapo, nasi tutairudia Jumanne.

Miaka mingi sana kabla ya kesi hiyo, wasichana watano walisimama mlangoni pa hema ya kukutania wakiwa na shauri linalofanana na hilo. Bwana mwenyewe ndiye aliyetoa hukumu. Juma hili tutajifunza jinsi Mungu anavyoitumia sheria kuwalinda watu, jinsi wanadamu wanavyoweza kuigeuza iwe silaha ya dhuluma, na wajibu wa mshiriki anapomwona jirani yake akinyang'anywa haki.

Jumapili: Ukuta Kando Kando ya Dari

*Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Ni nani aliyepewa wajibu hapa, mwenye nyumba au mgeni? Kwa nini?*

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, na maisha mengi yaliendelea huko juu. Rahabu alianika mabua ya kitani darini (Yos. 2:6). Petro alipanda darini kuomba (Mdo. 10:9). Watoto walicheza, wageni wakaketi huko jioni kupunga upepo. Kwa hiyo Mungu aliagiza kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Angalia kwamba Bwana hakusema tu wageni waonywe kutembea kwa uangalifu. Aliyekuwa na uwezo wa kuizuia ajali ndiye aliyedaiwa kuizuia, tena kabla mtu yeyote hajaanguka. Kutoka 21:28–36 inafuata njia hiyo hiyo. Mwenye ng'ombe ambaye alikwisha kuonywa kwamba mnyama wake hupiga watu kwa pembe, asimfunge, hawezi kusema hakujua. Vivyo hivyo mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi anamlipa mwenye mnyama aliyetumbukia humo.

Amri ya sita inasema kwa maneno machache tusiue. Sheria ya dari inaifikisha amri hiyo kwenye mchanga na mawe ya fundi. Ndugu anayeendesha pikipiki ya abiria bila kofia ngumu ya pili, mwenye duka anayeuza dawa zilizopitwa na tarehe, na kamati ya ujenzi inayopunguza nondo ili fedha zitoshe, wote wanagusa amri ya sita, hata kama hakuna aliyekusudia kuua.

*Katika nyumba yako, kazi yako au jengo la kanisa lenu, ni "dari" ipi ambayo bado haina ukuta?*

Jumatatu: Mabinti Watano Mlangoni pa Hema

*Soma Hesabu 27:1–11. Mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya nani? Musa alifanya nini kabla ya kuwajibu?*

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa hawakulalamika kisimani. Walikwenda mahali pa hukumu, wakasimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Hoja yao ilikuwa fupi na yenye heshima. Baba yao alikufa jangwani, hakuwa katika kundi la Kora, naye hakuacha mwana wa kiume. Kwa nini jina lake lifutike katika jamaa yake?

Musa angeweza kuwajibu kwamba tangu zamani wanaorithi ni wana. Hakufanya hivyo. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akatamka kwamba mabinti hao walisema kweli. Kisha hukumu ya nyumba moja ikawa amri ya kudumu kwa Israeli yote (fungu la 8–11). Binti ambaye hakuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya wakuu alilindwa kwa sababu hao watano walisimama.

*Soma Hesabu 36:1–9. Wazee wa ukoo walikuwa na hofu gani?*

Wazee nao walisikilizwa. Waliogopa kwamba mabinti wakiolewa katika kabila jingine, ardhi ya Manase itahama. Hofu hiyo haikuwa ya bure, na Bwana aliijibu kwa kuwaagiza waolewe katika jamaa ya kabila la baba yao. Lakini hakuwanyang'anya urithi aliokwisha kuwapa.

Sasa linganisha na Yoshua 17:3–6. Musa amekufa, nchi inagawanywa, na mabinti wale wanalazimika kwenda tena kwa Eleazari na Yoshua kukumbusha agizo la Bwana. Haki ilikuwa imeandikwa, nao bado walihitaji kuidai. Yoshua akawapa.

Jumanne: Mila, Sheria na Shamba la Muleba

Turudi kwa mama yule wa Muleba. Kanuni za mila zilizotumika dhidi yake hazikuwa maneno ya wazee tu. Serikali ilikuwa imeziandika na kuzitangaza mwaka 1963. Lakini mwaka 1984 Katiba ya Tanzania iliongezewa sehemu ya haki za binadamu, inayokataza kumbagua mtu. Kwa msingi huo Mahakama ya Wilaya ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo. Mtoto wa ndugu yake akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliitupa rufani hiyo. Aliamua kwamba mwanamke ana uwezo uleule wa kuuza ardhi ya ukoo alio nao mwanaume, kwa masharti yaleyale. Ukoo ulibaki na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa.

*Soma Mambo ya Walawi 25:25. Ndugu wa karibu alipewa njia gani ya kuirudisha ardhi iliyouzwa na maskini?*

Biblia haikuwaruhusu ndugu kumnyang'anya maskini kwa jina la ukoo. Kama ardhi ile ilikuwa na thamani kwao, njia ilikuwa kuikomboa kwa fedha zao wenyewe. Ndugu aliyelia kwamba shamba la babu linapotea aliulizwa kwanza kama yuko tayari kulilipia.

Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Inatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Inaagiza pia kwamba katika baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wawe wanawake. Hata hivyo, kama ilivyokuwa siku za Yoshua, sheria iliyo kitabuni haimfikii mjane asiyeijua, wala yule anayeambiwa na watu wa nyumbani mwake kwamba akiidai haki yake atakuwa ameuvunja ukoo.

*Ni mila zipi katika jamii yenu zinazowahifadhi wanyonge na zinazostahili kuheshimiwa? Ni zipi zinazopaswa kupelekwa mbele za Bwana, kama Musa alivyofanya?*

Jumatano: Sheria Inapodhulumu

*Soma Isaya 10:1, 2. Nabii anawatamkia ole watu gani?*

Ole hii haiwahusu wavunja sheria. Inawahusu waandishi wa sheria. Walikaa kwa utaratibu, wakaandika kwa utaratibu, na matokeo yake mjane akawa mateka na yatima akaporwa. Hamani naye alifuata utaratibu wote: barua iliandikwa, ikatiwa muhuri kwa pete ya mfalme, ikapelekwa katika majimbo yote (Esta 3:12–15). Ilikuwa amri kamili ya serikali, nayo ilikuwa mauaji.

*Linganisha na Esta 8:8–11. Watu wa Mungu waliokolewa kwa njia gani?*

Ilipatikana sheria ya pili, iliyoandikwa kwa jina lilelile la mfalme na kutiwa muhuri kwa pete ileile. Esta alifunga na kuomba, kisha akaenda ofisini kwa mfalme.

Paulo anafundisha katika Warumi 13:1–7 kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Neno hilo linatuagiza tulipe kodi na kutii. Pia linaonyesha kazi ambayo mamlaka ilipewa. Inapomwamuru mtu atende dhambi, jibu la mitume ni lile la Matendo 5:29.

Waanzilishi wetu waliifahamu tofauti hii. Desemba 1888, A. T. Jones alisimama mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani kupinga muswada wa Seneta Henry Blair uliotaka Jumapili itunzwe kwa sheria ya nchi. Muswada huo haukupita. Wakati huohuo Waadventista waliunga mkono sheria za kuzuia pombe. Serikali inayo haki ya kumzuia mtu asimuumize jirani yake. Haina haki ya kumlazimisha jinsi ya kumwabudu Muumba wake, hata kama ingetaka kuilazimisha siku tunayoitunza sisi.

Alhamisi: Paulo Akata Rufani

*Soma Matendo 22:25–29 na 25:6–12. Paulo aliitumiaje sheria ya Kirumi? Je, alifanya hivyo kwa kuikimbia haki?*

Paulo hakuogopa kufa, naye alisema wazi kwamba kama ametenda linalostahili kifo hakatai. Lakini hakuona kwamba imani inamtaka akubali kupigwa bila hukumu, wala kupelekwa Yerusalemu ambako watu walimvizia njiani. Aliitumia haki aliyopewa, na kwa njia hiyo Injili ikafika Rumi.

*Sasa soma 1 Wakorintho 6:1–8. Je, Paulo anajipinga?*

Fungu hili hunukuliwa mara nyingi mjane anapotaka kwenda barazani. Huambiwa kwamba ndugu hawashitakiani. Tusome mpaka mwisho. Paulo analikemea kanisa kwa kukosa hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu, na katika fungu la 8 anawageukia wenye kudhulumu na kuwaambia kwamba wanawadhulumu ndugu zao. Kanisa linalomzuia dada asiende mahakamani limejitwika mzigo wa kumpatia haki. Lisipoubeba, limemsaidia mdhalimu kwa Maandiko.

*Je, kanisa lenu lina watu wanaoweza kusikiliza shauri la urithi bila kupendelea upande wenye sadaka kubwa?*

Ijumaa: Jifunze Zaidi

Katika kitabu cha *Wazee na Manabii*, Ellen G. White ana sura nzima juu ya jinsi Mungu alivyowajali maskini katika sheria za Israeli. Isome ukitazama namna mavuno, mikopo, mishahara na mwaka wa yubile vilivyopangwa ili umaskini wa baba usiwe kifungo cha wajukuu.

Kisha fikiri juu ya mfano huu. Mzee wa kanisa amefariki bila kuacha wosia. Baada ya mazishi, kaka yake, ambaye naye ni mshiriki, anachukua karatasi za shamba na kumwambia mjane achague: akae chini ya uangalizi wa ukoo, au arudi kwao. Mjane anakwenda kwa mchungaji. Baraza la kanisa linakutana, linaomba, na kuandika kwamba hayo ni mambo ya familia. Sabato inayofuata shemeji yake anakusanya sadaka, na mama anaketi benchi la nyuma na watoto wake watatu.

Yesu aliwakemea waandishi waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Mk. 12:40). Baraza lile halikula nyumba ya mtu. Mlango wa nyumba ulikuwa ukivunjwa, nalo lilikuwa katika sala.

Maswali ya Kujadili

1. Katika mfano huu, baraza lingefanya nini siku ya kwanza? Taja hatua kwa utaratibu: nani aende kwa shemeji (Mt. 18:15–17), nani akae na mjane, na ni wakati gani mama aelekezwe kwenye baraza la ardhi au mahakama.

2. Ni washiriki wangapi wenye familia katika darasa lenu walioandika wosia? Ni nini kinachowazuia wengine? Je, kuandika wosia kunaweza kuwa kama kujenga ukuta wa Kumbukumbu la Torati 22:8?

3. Mabinti wa Selofehadi walirudi mara ya pili kudai kile walichokwisha kuahidiwa. Chama cha Dorkasi na idara ya familia wanawezaje kumsindikiza mtu anayeijua haki yake lakini anaogopa kuidai peke yake?

4. Kuna sheria ya nchi inayokugharimu wewe na kumlinda mwingine? Unaitii kwa moyo gani?

5. Kabla ya kufunga darasa, kila mmoja akumbuke mjane au yatima mmoja aliye karibu naye. Kabla ya Sabato ijayo mtembelee, umsikilize, na umuulize kama karatasi za nyumba na shamba lake ziko mahali salama.