Kufundisha Historia kwa Swali: Vijana wa Kambi za Misitu, Marekani, 1933–1942

Mwalimu anayefundisha historia kwa kutaja tarehe tu huwaachia wanafunzi makapi. Katika makala haya tunapendekeza kuanza na swali la maisha. Mfano wetu ni Kikosi cha Raia cha Kuhifadhi Maliasili, kilichoundwa Marekani mwaka 1933.

Maarifa ya mwalimu. Mwaka huo, uchumi ukiwa umeanguka, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini humo hakuwa na kazi. Misitu nayo ilikuwa imefyekwa, na udongo ukimomonyoka. Rais Franklin Roosevelt aliyaunganisha mashaka hayo mawili: vijana wasio na kazi wakaitibu ardhi. Hadi kikosi kilipovunjwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita kambini. Walipanda miti ipatayo bilioni 3, wakazima moto wa misitu, wakajenga barabara na makinga maji. Jioni walisoma, maelfu walioingia bila kujua kusoma na kuandika walitoka wakijua.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aandike ubaoni: kwa kawaida kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 zilipelekwa kwa jamaa yake. Je, alibakiwa na sehemu gani? Wakishapata moja ya sita, aulize: ilikuwa haki? Asijibu yeye.

Hatua ya pili. Darasa ligawanywe makundi mawili. Moja limsemee kijana, jingine mama yake aliyebaki nyumbani na wadogo wenye njaa.

Hatua ya tatu. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tuliwahi kulifundisha somo hili kwa sifa tupu, hata msichana mmoja akauliza, “Na dada zao je?” Tulikosa jibu. Ukweli ni kwamba kikosi hakikuandikisha wasichana. Kambi chache za wanawake zilianzishwa kando yake. Tena, ingawa sheria ilikataza ubaguzi wa rangi, vijana weusi wengi walitengwa katika kambi zao. Mwalimu asiyafiche haya. Mtoto akigundua baadaye kwamba alifichwa, hataliamini hata lile lililo kweli.

Kazi ya nje. Wanafunzi wakague mahali palipomomonyoka karibu na shule, wachore ramani yake, kisha wapendekeze dawa.

Tahadhari. Upandaji miti usigeuzwe adhabu ya wachelewaji. Vijana wale walishika jembe kwa ujira na heshima. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe hataupenda mti.