Ubongo, Roho na Ugonjwa wa Kifafa

Kijijini mtoto akianguka ghafula, akitetemeka mwili wote na kutokwa povu kinywani, watu wengi hukimbia. Wengine husema: «Amerogwa.» Wengine husema: «Ni adhabu ya dhambi za wazazi wake.» Basi mtoto hutengewa sahani yake, na siku aangukapo motoni hakuna amtoaye, kwa kuwa wote waogopa mate yake. Na mama yake, aliye mkatekumeni, hushawishiwa kumpeleka usiku kwa mfumu. Imani yafundisha nini juu ya neno hilo?

1. Ubongo ni kazi ya Mungu

Mungu amemwumba mtu mwenye mwili na roho. Ndani ya mifupa ya kichwa ameweka ubongo. Kwa ubongo mtu hukumbuka, hunena, huinua mkono. Sehemu zake hupelekeana habari kwa nguvu ndogo ya umeme. Nguvu hiyo ikifumuka bila utaratibu, mtu huanguka: ndicho kifafa. Mwaka 1929 daktari Mdachi Hans Berger alitangaza namna ya kuandika umeme huo kwa mashini.

Sababu za kifafa ni nyingi: malaria iliyopanda kichwani, taabu wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika ubongoni. Mate ya mgonjwa hayaambukizi kifafa. Tena dawa ziko; moja, fenobarbitali, yatumika tangu mwaka 1912.

2. Mtu si ubongo tu

Wako wadhanio kwamba aujuaye ubongo hana tena haja ya kusadiki roho. Sivyo. Niels Stensen, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1638, alipasua na kuchungua ubongo kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1665, mbele ya wataalamu wa Paris, alikiri jinsi elimu ya ubongo ilivyokuwa haba. Mwaka 1667 aliingia katika Eklezia Katolika, mwaka 1677 akawa askofu, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri. Elimu yake haikumwondolea imani.

Ngozi ya ngoma ikipasuka, mpigaji hajapoteza ustadi wake. Lakini ngoma hailii vema. Vivyo hivyo ubongo ukiugua, matendo ya mtu huharibika, wala roho yake haipungui thamani mbele ya Mungu. Lakini mfano huu haufikii ukweli wote, kwa maana roho na mwili si vitu viwili vilivyokutana njiani: pamoja ni mtu mmoja.

3. Ugonjwa si dhambi

Dhambi yataka akili ijue na moyo ukubali. Aangukaye kwa kifafa hajui wala hakubali. Basi hana kosa. Yezu alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa, alikana kwamba yeye au wazazi wake walikuwa wametenda dhambi. Naye Mateo Mtakatifu, katika sura ya 4, awataja wagonjwa wa kifafa mbali na wenye pepo. Eklezia yasadiki kwamba shetani yuko. Lakini kitabu chake cha ibada ya kufukuza pepo, kilichotolewa mwaka 1999, chaonya padri asimdhanie mgonjwa kuwa mwenye pepo. Na mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliwaagiza wachungaji watumie pia elimu ya nafsi ya mtu.

4. Yampasayo Mkristu

Mgonjwa akianguka, aondolewe karibu na moto na maji, alazwe ubavu, asifungwe kamba, wala asitiwe kitu kinywani. Baadaye apelekwe kwa daktari, ameze dawa kila siku, wala asiziache kwa sababu amepata nafuu. Jamaa wamwombee, kwa kuwa sala na dawa hazipigani. Wale naye sahani moja. Wala asikatazwe Ubatizo kwa ajili ya ugonjwa wake.

Aendaye kwa mfumu kwa siri amwacha Mungu, tena amwacha mtoto bila dawa.

Maswali

Je, kifafa ni adhabu ya dhambi? — Sivyo, ni ugonjwa wa ubongo.
Je, mgonjwa wa kifafa aweza kubatizwa? — Ndiyo, kama watu wengine.
Je, mwenye kusali aache dawa? — Hapana, asali na kumeza dawa.