MBIO ZA BAISKELI ZA VIJANA WA DUNIA: SI MIGUU PEKEE

Wengi wetu hudhani kwamba mbio za baiskeli ni nguvu za miguu tu. Mwenye mapaja manene ndiye mshindi, basi! Mimi sikubaliani nao. Katika makala haya nitaeleza jinsi mashindano ya dunia ya vijana yanavyoendeshwa, na kwa nini mpanda baiskeli huwahitaji wenzake hata anaposhindana nao.

Kwanza, tuyafahamu mashindano yenyewe. Husimamiwa na shirikisho la kimataifa liitwalo UCI, lenye makao yake Aigle, nchini Uswisi. Kitengo cha vijana ni cha wale wanaotimiza miaka 17 au 18 katika mwaka wa mashindano, yaani rika letu hasa. Wavulana walianza mwaka 1975, wasichana wakapata nafasi yao mwaka 1987. Kila mmoja huvalia fulana ya nchi yake. Bingwa hutunukiwa fulana nyeupe yenye mistari ya buluu, nyekundu, nyeusi, manjano na kijani kifuani.

Pili, zipo mbio za aina mbili. Katika mbio dhidi ya saa, kila kijana huondoka kivyake na haruhusiwi kujikinga nyuma ya mwingine. Katika mbio za barabarani, wote huondoka pamoja, na anayefika wa kwanza ndiye bingwa. Mwaka 2018 mjini Innsbruck, Austria, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda zote mbili.

Sasa hebu tuje kwenye kiini cha somo. Adui mkubwa wa mpanda baiskeli kwenye tambarare ni upepo. Kadiri anavyokwenda kasi ndivyo hewa inavyomsukuma nyuma. Anayefuata nyuma ya mwenzake hukingwa, akatumia nguvu chache mno. Ndiyo maana utawaona wamesongamana kama siafu, wakipokezana zamu ya mbele. Anayetoroka mapema peke yake huumenya upepo wote mwenyewe, na aghalabu hunaswa. Lakini mlimani mwendo hupungua, kinga ya upepo nayo hupungua. Hapo ndipo wenye pumzi hujitenga.

Jambo hili lilionekana jijini Kigali, Rwanda, mnamo Septemba 2025, mashindano haya yalipofanyika Afrika. Vilima vya Kigali si mchezo! Kimojawapo, Kimihurura, kina barabara ya mawe. Wavulana walikwenda takriban kilomita 119, wasichana 74. Harry Hudson wa Uingereza alijitenga na kufika peke yake. Paula Ostiz wa Uhispania ndiye aliyeshinda kwa wasichana.

Hata hivyo, kuwa peke yako barabarani kuna hatari nyingine iliyo kubwa kuliko kushindwa. Mnamo tarehe 26 Septemba 2024, mjini Zurich, Muriel Furrer wa Uswisi, msichana wa miaka 18, alianguka siku ya mvua katika sehemu yenye msitu. Wenzake waliendelea na mbio, na muda mrefu ukapita kabla hajapatikana. Alifariki kesho yake. Kifo hicho kilitikisa mchezo mzima. Kule Kigali mwaka uliofuata, kila mpanda baiskeli alibeba chombo kidogo cha kuonyesha mahali alipo, ili akikwama au akianguka ajulikane mara moja.

Waama, mimi naona hilo ni la maana kuliko medali. Kijana wa miaka 17 akiambiwa ashuke mlima kwa kasi ya gari, lazima pawe na mtu anayehesabu wangapi wamepita na nani hajaonekana. Nasi tunaoendesha baiskeli kwenda shule tusimwache mwenzetu nyuma bila kugeuka kutazama. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

ZOEZI
1. Kwa nini anayefuata nyuma ya mwenzake huchoka polepole?
2. Eleza tofauti kati ya mbio dhidi ya saa na mbio za barabarani.
3. Tunga sentensi ukitumia: kujitenga, kupokezana, kunaswa.