KUJIPIMA VVU: SIMU YA KITOCHI ITUSAIDIE NINI?

Somo kwa kamati za sharika na marafiki wa Dayosisi



Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu waweze kujipima VVU wenyewe. Mwaka 2019 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya UKIMWI ya 2008, likaruhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kupima kutoka miaka 18 hadi 15. Ni hatua njema, maana aibu ya kuonwa kwenye foleni imewazuia vijana wengi. Lakini kijana anayejipima chumbani usiku akaona mistari miwili, yuko peke yake. Somo hili linahusu namna ya kuwa karibu naye wakati huo.

1. Tukijue kifaa

Kifaa cha kupangusa fizi hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya VVU. Hakitafuti virusi kwenye mate, na mate hayaambukizi VVU. Mstari mmoja kwenye alama C maana yake kingamwili hazikuonekana. Mistari miwili, hata mmoja ukiwa hafifu, maana yake ni kwenda kituo cha afya kuthibitisha. Bado si jibu la mwisho. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika. Aliyejiweka hatarini ndani ya miezi mitatu iliyopita arudie baadaye. Anayetumia tayari dawa za kufubaza VVU asikitumie, kwani majibu yanaweza kumdanganya.

2. Funzo kutoka Kenya

Mwaka 2010 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti wa kliniki tatu za Kenya, uliohusu watu 538 walioanza dawa za kufubaza VVU. Takriban nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe mfupi: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", na yule aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Kwa maelezo yao wenyewe, waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, wakati kwa wasiotumiwa ujumbe walikuwa asilimia 50.

Utafiti huo ulihusu dawa, si kujipima. Hata hivyo tunajifunza mambo mawili. Ujumbe haukutaja ugonjwa, na nyuma ya ujumbe alikuwapo mtu wa kupiga simu.

3. Utaratibu tunaopendekeza

(a) Kituo cha afya kiulizwe kwanza umri wa vijana wanaoweza kukabidhiwa kifaa.

(b) Kabla ya kukitoa, mshauri nasaha amwulize kijana: simu ni ya nani? Nani mwingine huishika? Saa ngapi unakuwa nayo? Kitochi kimoja huweza kutumiwa na nyumba nzima. Asiyetaka ujumbe apangiwe siku ya kuonana.

(c) Ujumbe usitaje VVU, kipimo wala kliniki. Majibu ya kipimo yasiandikwe kwenye simu kamwe.

(d) Kijana asihitaji salio. Abipu tu, mshauri ampigie.

(e) Mshauri awe amefunzwa na kukubaliwa na kituo cha afya. Daftari la namba lifungiwe. Kamati ipewe hesabu, si majina, hata kama kijana ni mtoto wa mzee wa kanisa.

(f) Anayejibu "Shida" asiishie kupewa pole. Akikubali, mshauri amsindikize hadi kituoni, na akithibitika aanzishiwe dawa.

4. Neno kwa wafadhili

Ni rahisi kuhesabu vifaa vilivyogawiwa na kuvipiga picha. Tunaomba mtuulize pia mengine: wangapi walijibu ujumbe? Walionyamaza walifuatiliwa? Wangapi walisindikizwa hadi kituoni? Hayo yanahitaji vocha, nauli na muda wa mshauri. Bajeti ya vifaa isiyo na fedha hizo humwacha kijana njiani.

Tukumbuke Msamaria mwema katika Luka 10. Alifunga majeraha, akampeleka yule mtu kwenye nyumba ya wageni, akalipa, na kuahidi kupitia tena. Kukabidhi kifaa ni mwanzo tu wa huduma ya namna hiyo.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, kijana mwenye hofu angempigia nani usiku? Kwa nini yeye?
2. Ni maneno gani tunayoyasema kanisani yanayomfanya kijana aogope kujibu "Shida"?
3. Nauli ya kwenda na kurudi kituo cha afya ni kiasi gani, na itatoka mfuko upi?

Tunaomba kila kamati ituletee majibu ya swali la tatu kabla ya kupanga bajeti ya mwaka ujao. Mungu awabariki.