Jangwani kwa Miguu: Vidokezo vya Siku Moja na Wema wa Watu Usiowajua

Pacific Crest Trail ni njia ya miguu ya takriban kilomita 4,265. Inaanzia kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, karibu na kijiji cha Campo, California, na kuishia kwenye mpaka wa Kanada. Kilomita 1,100 hivi za mwanzo ni nchi kame. Ukitaka kulionja jangwa hilo kwa siku moja tu, chagua kipande cha kutoka Scissors Crossing hadi Barrel Springs: kilomita 38 hivi kupitia vilima vya San Felipe, bila chanzo cha asili cha maji unachoweza kukitegemea njiani. Kipande hiki hakina huruma, ila watu wake wanayo. Huko wanaitwa malaika wa njia: watu wanaoacha shughuli zao ili mgeni wasiyemjua apate kunywa, kula na kupumzika.

1. Beba maji yako yote. Makadirio ya kawaida ni lita moja kwa kila kilomita sita hadi nane, na jua likiwaka huongezeka. Kwa kipande hiki usibebe chini ya lita sita. Ndiyo, ni kilo sita mgongoni, na mwanzo wenyewe ni kupanda. Utaambiwa kwamba kuna watu huweka maji mbele. Ni kweli, lakini madumu hayo yanaweza kukutwa matupu siku unayofika wewe. Wema wa mtu usimgeuzie kuwa deni. Weka pia pakiti chache za ORS, maana maji matupu peke yake hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho kutwa.

2. Lala Julian usiku uliotangulia. Mji huu mdogo uko mlimani, kilomita 20 hivi kutoka njiani. Uliinuka baada ya mwaka 1869, Fred Coleman, mtu Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, alipoona dhahabu kwenye kijito. Leo unasifika kwa pai za tufaha, na watembeaji wenye kibali cha njia wamezoea kukaribishwa pai bure mjini hapo. Kibali chenyewe kiombe mapema kama unakusudia kutembea kilomita 800 au zaidi kwa mfululizo: wanaoanzia mpakani huruhusiwa 50 tu kwa siku. Kwenda na kurudi Julian wengi huomba lifti. Simama mahali ambapo dereva anakuona kutoka mbali na ana nafasi ya kuegesha, vua miwani ya jua, na shanta lako lionekane. Hilo shanta ndilo linalokutambulisha.

3. Saa kumi alfajiri uwe barabarani. Tembea hadi saa nne au saa tano, kisha tafuta kivuli ujilaze mpaka jua lipungue makali. Kivuli chenyewe ni cha kutafuta kwa bidii: mmea wa ocotillo una fimbo ndefu zenye miiba na karibu hauna majani. Wengi hutembea na mwavuli, na wako sahihi. Shati la mikono mirefu na kofia ya pama havina mbadala. Angalia unapokanyaga na unapokaa, kwa sababu nyoka wa huko ana mkia unaolia kama kayamba. Ukimsikia, simama, mtambue alipo, umpishe.

4. Tia chanuo mfukoni. Kuna mdungusi uitwao cholla ambao vipande vyake hung'oka kwa kuguswa tu na kujibandika kwenye soksi, ndala, hata paja. Ukivuta kwa vidole, miiba inahamia vidoleni. Pitisha chanuo kati ya ngozi na kile kipande, kirushe mbali kwa mkupuo mmoja. Na ukisimama hapo kungojea maumivu yapoe, tazama mimea yenye majani manene yaliyochongoka iliyotapakaa mlimani: ni agave, jamaa wa karibu wa mkonge wetu wa Tanga. Mkonge nao asili yake ni Mexico.

5. Ukikaribishwa, pokea mara ya kwanza. Hiki ndicho kidokezo ninachokitilia mkazo kuliko vyote, kwa sababu malezi yetu yanatufundisha kinyume. Kwetu mtu akisema "karibu chakula", unajibu "nashukuru, endeleeni", naye anajua hiyo ni adabu tu, kwa hiyo anakushika mkono na kukuketisha. Mmarekani hakuketishi. Pale Scissors Crossing, chini ya daraja, unaweza kumkuta mama wa makamo amefungua buti la gari, ana kasha la barafu, machungwa na viti vya kukunja. Atakuuliza mara moja kama unataka chungwa. Ukisema hapana, amekuelewa, na chungwa linarudi kwenye kasha. Hakukunyima, ameheshimu neno lako. Kwa hiyo sema ndiyo, sema asante, ukae. Lile chungwa lililolala kwenye barafu, ukilimenya kwa vidole vilivyojaa vumbi, maji yake yakakuchuruzika hadi kwenye viwiko, utalikumbuka miaka mingi. Mpe jina lako na umwambie umetoka wapi. Wengi wao hawadai kingine zaidi ya maongezi, na mtu wa Mombasa au Kigoma anayetembea jangwani California ana hadithi ya kusimulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

6. Kwenye geti la tatu, chukua kwa kiasi. Baada ya kilomita 22 hivi utafika kwenye geti hilo, mahali ambapo wanaojitolea wamekuwa wakiweka akiba kubwa ya maji ya kunywa. Wanayabeba kupanda mlima kutoka barabarani, galoni kwa galoni. Chukua yanayokutosha kufika Barrel Springs, basi. Usinawe nayo, usifulie soksi. Chombo ulichokimaliza kifunike na ukiweke pamoja na vitupu vingine, upepo usikipeperushe. Takataka zako ondoka nazo. Nyuma yako kuna mtu ambaye huenda chupa yake imekauka tangu asubuhi.

7. Lipa kwa mikono. Kesho yake, ukiendelea kilomita 13 mbele, utafika Warner Springs, ambako wanakijiji wamekuwa wakiwapokea watembeaji kwenye kituo chao cha jamii: maji ya kuoga kwa ndoo, mahali pa kuchajia simu, kivuli. Kukiwa na sanduku la michango, tumbukiza noti bila kungoja kuombwa. Kukiwa na vyombo vichafu, osha. Ukipewa lifti, changia mafuta. Dereva akikataa pesa, usimlazimishe. Ukarimu huu unachosha wanaoutoa. Kule mbele, Agua Dulce, mke na mume walifungua uwanja wa nyumba yao kwa watembeaji mwaka 1997, wakawafulia nguo na kuwalaza kwa takriban miaka 20, kisha wakafunga. Idadi ya watembeaji imeongezeka sana tangu siku zile, lakini nyumba za kuwapokea bado ni chache. Kwa hiyo lala usiku mmoja, kunja hema lako mapema, fagia ulipolala, na umuage mwenyeji kabla hujaondoka.