Shibolethi Yetu
(Somo: Waamuzi 12:1–6)

Waefraimu 42,000 walianguka wakati ule, na waliofika vivuko vya Yordani walitambulikana kwa herufi moja, maana walisema "Sibolethi."

Nasi wa Tarime na Serengeti twalijua jambo hili kwa masikio yetu. Mjaluo, ambaye lugha yake haina sauti "sh", huliita shamba "samba". Mkurya, asiye na "l" katika Igikurya, husema "rara" badala ya "lala". Watu hucheka hata kanisani. Na sisi tumecheka, tukatubu.

Basi mgeni ni nani? Mpaka waliopatana Waingereza na Wadachi mwaka 1886 uliwagawa Wakurya. Mtu avukaye Sirari kumwamkia shangazi yake huulizwa karatasi na askari, kisha hupokewa kwa lugha ya mamaye. Na Mjaluo aliyezaliwa papa hapa huitwa mgeni kwa sababu ya "samba".

Walimu, someni tena Mathayo 26:73, jinsi usemi wa Petro ulivyomfichua. Kisha mwulizeni kila mwanafunzi aliitwa mgeni wapi, na kwa neno gani. Waanze kujibu wale wanaochekwa.