Supa: Uongeze Ngapi, na Kwanza Ujiulize Nini

Mdogo wangu wa Merrylands, hapa Sydney, swali lako nimelipata. Unafanya kazi nyumba ya wazee, mshahara kama dola 58,000 kwa mwaka, una ukaazi wa kudumu, watoto wawili na nyumba ya kupanga. Wenzako wa zamu wanaongeza hela zao kwenye supa, yaani akiba ya uzeeni ya hapa Australia, nawe unauliza uongeze ngapi wakati mama yuko Tanga anasubiri ya dawa. Mimi ni dada yako, si mshauri wa fedha mwenye leseni, lakini hili tunaweza kulizungumza.

Huanzii sifuri, mwajiri tayari anatakiwa kukuwekea. Mpango huu ulipoanza mwaka 1992 waajiri wengi walilipa asilimia 3 ya mshahara. Tangu tarehe 1 Julai 2025 ni asilimia 12, na inahesabiwa kwenye saa zako za kawaida, ovataimu kwa kawaida haimo. Kwako wewe ni karibu dola 6,960 kwa mwaka. Nyumbani Tanzania mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hukusanya asilimia 20, na mfanyakazi anaweza kukatwa hadi nusu yake, atake asitake. Hapa sehemu yako ni hiari, ndiyo maana wengi wetu hatuifikirii kabisa.

Lakini usiongeze hata senti kabla hujahakikisha kwamba ile ya mwajiri inafika. Karatasi ya mshahara ikionyesha "supa dola 134", hiyo ni ahadi, si risiti. Fungua myGov, akaunti yako ya huduma za serikali mtandaoni, ingia upande wa ofisi ya kodi, ATO, uone mfuko wako umepokea nini na tarehe gani. Kwa miaka mingi waajiri waliruhusiwa kulipa kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo hela za wengi zilipopotelea. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 wanatakiwa iwe imefika kwenye mfuko wako ndani ya siku 7 za kazi tangu siku ya mshahara. Hapo hapo utaona kama una akaunti za zamani ulizosahau, ile ya kiwanda, ile ya kusafisha ofisi. Kila moja inakatwa ada. Ziunganishe, ila kwanza angalia bima iliyomo kwenye ile unayoifunga, maana ukiifunga na bima inakwenda nayo.

Na ninyi mnaohudumia walemavu au kusafisha kwa ABN, namba yenu ya biashara, nisikilizeni vizuri. Mtu akikupa saa 30 kwa wiki, akakupangia zamu na kazi yenyewe ni nguvu zako tu, kuitwa mkandarasi hakumwondolei kila mara wajibu wa kukulipia supa. Ulizeni ATO. Kama kweli unajitegemea, basi hakuna atakayekuwekea. Dola 40 unazolipwa kwa saa si sawa na dola 40 za mwajiriwa.

Sasa hesabu yako. Ukimwomba mwajiri aingize dola 50 kwa wiki kabla ya kodi, mshahara unaoushika mkononi unapungua kama dola 33 au 34 tu, kwa sababu hizo 50 zingekatwa kodi. Mfuko unakatwa asilimia 15, zinabaki dola 42.50. Kikomo cha mwaka kwa 2025–26 ni dola 30,000 pamoja na za mwajiri. Huko hatujafika, tusipoteze muda.

Kwa mwenye kipato kidogo njia ni nyingine. Kama kwa mwaka huo wa 2025–26 kipato chako hakizidi dola 47,488, weka dola 1,000 kutoka mshahara uliokwisha kukatwa kodi, kabla ya tarehe 30 Juni, kisha uwasilishe hesabu za kodi. Serikali inakuongezea dola 500. Wenye viza za muda wengi hawamo, lakini kwa mama anayefanya nusu siku hakuna kikoba kitakachomlipa hivyo.

Kabla hujafurahi, jiulize hela hiyo utaihitaji lini. Supa haifunguki kirahisi kabla ya miaka 60. Mwenye viza ya muda akiondoka Australia moja kwa moja anaweza kuidai, na kodi yake kwa kawaida ni asilimia 35. Wewe mwenye ukaazi wa kudumu, ukirudi Tanga ukiwa na miaka 45, utaisubiri huko huko. Kwa hiyo kiwanja cha nyumbani, ada ya shule na nauli ya msiba visitegemee supa. Nyumba ya kwanza ya hapa Sydney ina mlango wake: unaweza kuongeza kwa hiari hadi dola 15,000 kwa mwaka, jumla 50,000, ukazitoa kwa ajili hiyo.

Mama wa Tanga usimkate. Ila tazama alivyofika hapo: wewe ndiye pensheni yake, na hata usipopanga, wanao ndio watakuwa yako. Mimi ningefanya hivi. Kwanza ningemaliza deni la kadi, kisha ningeweka pembeni akiba ya miezi miwili ya pango. Baada ya hapo ningeanza na dola 30 kwa wiki, na kila mshahara ukipanda, nusu ya nyongeza iende supa kabla habari hazijafika nyumbani. Ndiyo, nimesema kabla.

Wanaoniuliza kuhusu riba: ipo mifuko inayofuata misingi ya Kiislamu, Crescent Wealth ya hapa Sydney ikiwa mmojawapo. Linganisheni ada kwanza.

Jambo la mwisho, andika jina la mrithi kwenye mfuko wenyewe. Supa haiingii yenyewe tu kwenye wosia, na uteuzi mwingi ambao mfuko unalazimika kuufuata huisha nguvu baada ya miaka mitatu. Barua zao zikikuchosha, piga 131 450, omba mkalimani wa Kiswahili, akuunganishe na ATO. Fanya hivyo wiki hii, siku usiyo na zamu.